Posa imefika, na yeye anataka kusoma jenetiki



Wateja wangu wa siku hizi wananicheka. Bi harusi anakuja na mama yake na somo wake kupimwa gauni, nami kabla sijashika futi namwuliza, "Wewe na mwenzio mmeshapima sikoseli?" Mama anatoa macho, somo anaguna, bi harusi mwenyewe anaona haya. Mmoja aliniuliza nimeanza lini udaktari. Sijaanza. Mimi ni fundi wa kushona, nimeishia kidato cha nne na kozi ya ushonaji, Alhamdulillah duka linanilisha mimi na mafundi wangu. Haya ya damu nimefundishwa na binti wa kaka yangu. Mfunguo mosi uliopita posa yake ilituweka kikao siku mbili kule kwetu Mtae. Nimemwomba ruhusa niyaandike, akakubali kwa sharti nisitaje jina lake wala la mumewe.

Wengi wenu hapa Unguja hamuijui Mtae. Mkifika Lushoto mnadhani mmefika mwisho wa milima, kumbe bado kuna basi la kupita Lukozi, Rangwi na Sunga, barabara inazunguka mabonde ya kabichi na viazi, mpaka unatokea kwenye ukingo ambapo ardhi inakatika. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima. Ukitazama chini unaiona mbuga ya Mkomazi imetandikwa kama jamvi, na asubuhi nyingine huoni kitu, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya kuvaa kanga mbili. Mbu ni wachache. Bibi yetu alikuwa akisema homa ni ya watu wa chini, na hakuwa mbali na ukweli: watafiti waliopima milima yetu ya Usambara waliona kwamba kadiri unavyopanda, ndivyo maambukizi ya malaria yanavyopungua.

Kaka yangu alishuka kutafuta kazi, akaoa Muheza. Mtoto wa kwanza ni huyu binti. Wa pili alikuwa wa kiume, na kabla hajatimiza mwaka alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu, akilia usiku kucha. Zahanati moja ikasema malaria. Nyingine ikasema baridi yabisi. Watu wakasema amepatwa na jambo, atafutiwe mtu wa kumsomea, akasomewa. Alikuwa na miaka minne ndipo hospitali ikatoa jina: selimundu, sikoseli kama tunavyoita mtaani.

Hapo familia ikaingia kwenye mtihani ambao sitausahau. Mtoto wa sikoseli baridi inamuumiza, maumivu ya mifupa yanaamka. Kwa hiyo Mtae hapamfai. Akishushwa Muheza kwa bibi yake mzaa mama, kuna mbu, na malaria kwa mtoto kama huyo ni hatari kuliko kwa mwingine. Juu baridi, chini homa. Walimpandisha na kumshusha kama mzigo usio na mwenyewe, kila mtu akitafuta unafuu. Alifariki na miaka sita, huko chini, kwa homa ya siku tatu. Mwenyezi Mungu amrehemu na amfanye akiba ya wazazi wake.

Dada mtu alikuwa na miaka kumi. Baada ya maziko aliniuliza, "Shangazi, kwa nini yeye na si mimi? Baba mmoja, mama mmoja." Nikamwambia ni kadari ya Allah. Akasema, "Najua. Lakini imepita njia gani?"

Swali hilo ndilo alilolibeba skuli. Kidato cha tano na sita akachukua fizikia, kemia na baiolojia, chuo kikuu Dar es Salaam akasoma sayansi ya viumbe, na mwaka wa mwisho akagundua kwamba anachokipenda hakiko kwenye darubini, kiko kwenye kompyuta. Anaita bioinfomatiki. Mara ya kwanza nilifikiri ni mambo ya kutengeneza simu.

Nikuelezeni kama alivyonieleza, nikiwa nimekaa naye jikoni Mtae tukimenya viazi. Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako kuna maandishi, DNA, herufi kama bilioni sita, nusu umepewa na baba, nusu na mama. Mashine inaweza kuyasoma, lakini inatoa vipande vipande vingi mno, na hakuna binadamu wa kuvipanga kwa mkono. Bioinfomatiki ni kazi ya kuviamuru kompyuta ivipange na kuvilinganisha. Jenetiki ya takwimu inaingia baada ya hapo: unachukua watu maelfu, wagonjwa na wazima, unauliza ni herufi gani inaonekana zaidi kwa hawa kuliko wale. Na hapa, akasema, ndipo penye mtego. Ukitazama sehemu milioni mbili, zitakuwepo nyingi ambazo zinatofautiana kwa bahati tu, kama vile ukiangalia mabi harusi mia utakuta waliovaa pete ya jiwe jekundu wamezaa mapacha zaidi. Kwa hiyo wanasayansi wamejiwekea kizuizi kikali: hawakubali jambo mpaka uwezekano wa kutokea kwa bahati uwe chini ya mara tano katika milioni mia. Nilipenda hilo. Laiti na sisi tungekuwa na kizuizi kama hicho kabla ya kusema fulani ana mkosi.

Sikoseli yenyewe haihitaji hesabu zote hizo kuigundua, kwani ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni moja. Ukiipata kwa mzazi mmoja unakuwa AS, unabeba lakini huumwi, na malaria kali inakuogopa. Ukiipata kwa wote wawili unakuwa SS, mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, dada zangu. Siyo kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Kwa nini ipo kwetu kwa wingi? Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alipita huko akipima damu za watu, akaona kwamba wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji ni wengi, wa nyanda za juu ni wachache sana. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: palipo na malaria, mwenye AS ananusurika, anazaa, anarithisha. Kwa hiyo sisi watu wa Pwani na visiwani tumeibeba kwa sababu iliwaokoa mababu zetu. Watu wa mlimani kama wa Mtae wanayo kidogo zaidi, lakini watu hushuka, huoa, hupanda tena. Kaka yangu alikuwa AS bila kujua. Wifi yangu pia.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa sikoseli kila mwaka, na tuko miongoni mwa nchi zenye wengi zaidi duniani. Hao ni watoto wetu, wa bi harusi ninaowashonea.

Basi tuje kwenye posa. Mwalimu wa sekondari, Tanga mjini, kijana wa dini, familia tunaifahamu. Akaja na wazee wake mpaka Mtae, na mvua ile, viatu vyao vyote udongo. Wakati huo huo binti amekwishapata nafasi ya shahada ya uzamili ya bioinfomatiki katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, Kenya, pamoja na ufadhili. Mambo mawili ya heri yamefika mlango mmoja, nani aingie kwanza?

Ami yetu mkubwa akauliza swali la maana, sitamlaumu. "Hiyo safari ya kusoma ina miaka mingapi?" Binti akamhesabia bila kumficha. Uzamili miaka miwili. Uzamivu, yaani shahada ya udaktari wa falsafa, mitatu mpaka mitano. Baada ya hapo hujawa mtafiti kamili bado, unafanya kazi chini ya mtafiti mkubwa miaka miwili, mitatu, pengine nchi nyingine, ndipo uombe fedha zako mwenyewe na uwe na kundi lako. Na fedha hizo zikija zina mwisho. Mkataba ukiisha unaomba upya. Ami akahesabu kwa vidole: "Una ishirini na tano. Utakuwa na thelathini na tano." Chumba kikanyamaza.

Mimi nina thelathini na kitu. Nilipotoka Mtae na cheti cha ushonaji kuja Unguja, nikaanza na cherehani moja ya kukodi, hakuna aliyenihesabia miaka. Ilipita tu, nikazaa na kushona humo humo. Nikawaambia hivyo. Miaka kumi itapita akiwa Kilifi na itapita akiwa jikoni, tofauti ni atakuwa na nini mkononi ikishapita. Ami akasema, "Wewe biashara yako iko nyumbani." Nikamwambia hata ya huyu, kwa kiasi kikubwa, ni kompyuta na intaneti. Nilimwona binti anatabasamu, kwani intaneti ya Mtae tunaijua.

Wakataka kujua kama kuna mwanamke wa kwetu aliyefika huko. Alikuwa amejiandaa. Akaanza na Profesa Julie Makani, mzaliwa wa Arusha, daktari aliyesoma Muhimbili kisha Oxford, ambaye tangu 2004 yeye na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa sikoseli Muhimbili, maelfu ya watu, na mwaka 2011 akapewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza pamoja na Pfizer. Yeye ni daktari wa damu zaidi kuliko mtu wa kompyuta. Lakini bila daftari lake la wagonjwa, watu wa hesabu wasingekuwa na cha kuhesabu.

Kisha akamtaja Siana Nkya, naye wa Muhimbili, na kwa huyu macho ya binti yaliwaka. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini ya aina yake, tofauti na ya mtu mzima, na haipindi chembe kuwa mundu. Ndiyo maana mtoto wa sikoseli anazaliwa mzima na dalili zinaanza baada ya miezi. Kwa wengi himoglobini hiyo inakwisha, kwa wachache inabaki nyingi, na hao wanaumwa kidogo zaidi. Siana Nkya na wenzake walichunguza jenomu za wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania kutafuta kinachoibakiza, wakachapisha mwaka 2014. Zikaonekana sehemu mbili kwa nguvu, mojawapo ni jeni inayoitwa BCL11A, ambayo watafiti wa nchi nyingine walikuwa wameshaiona. Sasa sikiliza: ni jeni hiyo hiyo iliyolengwa na dawa ya kwanza duniani ya kukata na kurekebisha jeni, Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ami akauliza ni shilingi ngapi, hakuna aliyetaka kuhesabu. Binti akasema hiyo ndiyo sababu anataka kusoma, ipatikane njia ambayo mtoto wa Muheza anaifikia. Iliyopo kwa sasa ni haidroksiyurea, vidonge, ambavyo navyo huongeza himoglobini ile ya utotoni. Ndugu yake hakuvipata.

Wa tatu alikuwa Silvia Kariuki, Mkenya aliyechukua uzamivu wake Chuo Kikuu cha Chicago katika jenetiki, kisha akarudi kufanya kazi Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI na Wellcome. Kuna kundi la damu linaitwa Dantu, nadra mahali pengi, lakini Kilifi si adimu hata kidogo. Ilikuwa imeshajulikana kwamba anayelirithi kwa mzazi mmoja hatari yake ya malaria kali hupungua kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2020 yeye na wenzake wakaeleza inavyokuwa: ngozi ya chembe nyekundu inakaza, kijidudu cha malaria kinashindwa kuingia. Nikasema moyoni, kumbe kitambaa kikiwa kimevutwa sana sindano inateleza, hilo nalijua.

Mtaona wanawake hawa hawakupita njia moja. Mmoja alianzia wodini, mwingine alikwenda mbali sana akarudi mji wa pwani kufanya kazi kubwa. Zamani ilikuwa lazima uende Ulaya hata kwa hatua ya kwanza. Kisha ukaja mtandao wa Afrika ulioitwa H3ABioNet, ulioanza mwaka 2012 ukiongozwa kutoka Cape Town na Nicola Mulder, na mwaka 2016 ukaanza kufundisha kozi ya utangulizi kwa madarasa yaliyotawanyika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja. Yakaja pia mafunzo ya Afrika Mashariki yaliyounganisha Kilifi, Nairobi, Makerere na Muhimbili. Mtoto wa Mtae anavuka Horohoro kwa basi akasome. Mimi nilisafiri mbali zaidi kutafuta kitambaa.

Kitu kimoja kilinigusa kama fundi. Alisema kwamba mwaka 2019 ilihesabiwa, kati ya watu wote walioshiriki tafiti hizi za jenomu duniani, 78 kati ya 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika 2 tu. Dada zangu, mnajua gauni la kuagiza likija na kipimo chake, kiuno kimekaa pasipo kiuno, kifua kinabana, nyonga hazipiti. Nguo haina kosa, ilikatwa kwa kiolezo cha mwanamke mwingine. Dawa na vipimo vikikatwa kwa kiolezo kisicho na sisi ndani yake, vitatukaa vivyo hivyo. Watu wa kutupima sisi wawe wengi, na wawemo wanawake wanaojua kwamba mama hamleti mtoto kliniki siku ya soko.

Niwape na la kuchekesha kidogo, kwa sababu kwetu visiwani mambo ya nasaba tunayapenda. Machi 2023 ilichapishwa kazi kubwa ya jenomu za watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya Waswahili, Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Miongoni mwa walioiongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya. Ikaonekana kwamba yale maneno ya wazee kuhusu Shirazi si hadithi tupu: kuanzia kiasi cha mwaka 1000 damu ya Uajemi iliingia, na iliingia hasa kwa upande wa akina baba. Upande wa akina mama ni Afrika, karibu wote. Kwa hiyo wale wenye kujivunia babu wa Shirazi na kumdharau mkamwana kwa rangi yake, bibi yao mkuu alikuwa nani? Na watoto walisema lugha ya nani? Ndiyo hii tunayoandikia. Sisemi zaidi, nina wateja.

Turudi Mtae. Siku ya pili ikaja ya damu. Binti alikwishapima zamani, yeye ni AS. Akasema mbele ya wote, kwa adabu, kwamba hawezi kutoa jibu la posa mpaka mwenzake apime. Mama wa kijana akachukia waziwazi. "Mnakagua mwanangu kama ng'ombe wa mnadani?" Wifi yangu, ambaye siku mbili zile hakusema neno, alinyanyuka akaingia chumbani, akarudi na sweta dogo la bluu, la kufuma, viwiko vimetoboka. Akaliweka juu ya mkeka. Hakueleza. Yule mama akalitazama, akamwambia mwanawe, "Nenda kapime."

Shehe wetu alikuwepo, na niliuliza ili wote wasikie: kupima ni kukosa tawakkul? Akasema si hivyo, mtu hufunga ngamia wake kisha akategemea. Na kipimo hakiharamishi ndoa. Saudi Arabia kupima sikoseli kabla ya nikaha ni lazima tangu 2004, majibu wanapewa wenyewe, na wakitaka kuoana hawakatazwi. Tofauti ni kwamba wanaingia wakijua.

Kijana alipima Tanga. Tulikaa siku nne tukisubiri majibu. Usiku mmoja nilimwuliza binti, tukiwa tumejifunika blanketi moja, ikija AS utafanyaje? Akakaa kimya nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nitamkataa, shangazi. Na nitalia mwaka mzima." Akanieleza wapo AS wawili wanaooana na wana haki yao, wengine wanajipanga, wengine wanabahatika, yeye hawahukumu. Ila yeye alimshika ndugu yake mkono usiku ule wa mwisho, na hawezi kucheza tena na moja ya nne. Nilimwelewa. Wapo kati yenu mliokwisha kuolewa mkiwa hivyo, na nawaombea, tena nendeni kliniki mapema, mtoto apimwe angali mchanga, dawa zipo.

Majibu yakaja kwa simu: AA. Kaka yangu alisujudu pale pale uani, kwenye unyevu.

Likabaki la masomo. Binti alitaka liwe sharti la nikaha: mume asimzuie kusoma mpaka uzamivu. Hapa mabi harusi sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi mnadhani sharti likitajwa basi limefunga. Shehe alitueleza kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, sharti kama la kutomhamisha mke halimfungi mume, ndoa inasihi na sharti linaanguka, ilhali wanazuoni wa Kihanbali wanaliona linamfunga. Akashauri waandikiane makubaliano pembeni, mbele ya mashahidi wa pande mbili, ili angalau awe na ahadi ya mtu mzima aliyesikiwa. Muulizeni kadhi au shehe wenu kabla ya siku ya nikaha. Siku yenyewe kila mtu anawaza biriani.

Ami akaleta la safari bila mahram. Haki yake kuuliza, na maulamaa wana maneno yao. Likamalizika kwa kijana kusema atampeleka mwenyewe mpaka Kilifi, atakaa hosteli ya wanawake, na likizo za skuli atakwenda yeye kumwona. Uzamili kwanza. Watoto, Mungu akipenda, hawataahirishwa kwa makusudi mpaka thelathini na tano. Binti alisema wapo watafiti wanaonyonyesha huku programu inakimbia kwenye kompyuta, maana hesabu nyingine huchukua usiku mzima na haihitaji mtu wa kuishika mkono. Nikamwambia hata overloki yangu ninaijua hiyo hali.

Na la jina nalo lilinifurahisha. Watafiti hutafutwa kwa jina lililo juu ya kazi zao, na wapo wanawake wa nchi nyingine wanaohangaika wakiolewa na kubadili jina, kazi za mwanzo zinaonekana ni za mtu mwingine. Yeye hana shida hiyo. Katika dini yetu ataolewa na atabaki binti wa baba yake.

Nikaha ilifungwa Mtae baada ya wiki sita. Gauni nililishona mimi, satini na lesi, nikaweka bitana nzito mpaka mikononi kwa ajili ya baridi ile, na shela fupi kwa sababu upepo wa ukingoni huchukua chochote kirefu. Wifi alimpaka hina mwenyewe. Mama wa kijana alikuja na maji ya viungo kwenye madumu kutoka Tanga, na akakaa karibu na wifi yangu shughuli yote.

Wiki mbili baadaye walivuka Horohoro. Juzi amenipigia kutoka Kilifi, ameanza masomo, anasema wiki ya kwanza wamefundishwa kuandika amri za kompyuta na amekosea mpaka saa saba za usiku. Anasema joto la huko halivumiliki kwa mtu wa Mtae, nguo alizobeba zote ni za mlimani. Ameniomba madira mawili ya pamba nyepesi. Nimekata jana. Hakusema mikono mirefu au mifupi, nimeweka mirefu, na mfuko ndani wa kutia simu.